Pikipiki Iliyolala Ukumbini

Tui likichemshwa kwa moto mdogo kwa muda mrefu, hufika mahali likaacha kunukia chakula. Maji hukauka, mashapo hugeuka rangi ya hudhurungi chini ya sufuria, na mafuta huelea juu yakiwa safi kabisa. Hapo ndipo harufu yake hutoka jikoni, ikavuka ua na kuingia nyumba ya jirani bila hodi. Watu wa kwetu Mwabungo huipenda harufu hiyo. Wengine huwakumbusha nywele za mama zao zikisukwa barazani, wengine huwakumbusha harusi. Mimi huziba pua. Nimekwisha kuwa mtu mzima, nina watoto wawili, nafanya kazi ya kufua shuka katika hoteli ambako harufu za kila namna hunipita puani kutwa nzima, lakini akipita mwanamke aliyejipaka mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, narudi ukumbini kwetu nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Nimechuchumaa kando ya pikipiki ya baba, na vidole vyangu viwili vimo ndani ya kikombe cha mafuta.

Baba alikuwa mwendesha bodaboda katika steji iliyokuwa nje ya lango la hoteli moja upande wa Galu. Steji hiyo ilikuwa na watu kumi na wawili tu, kila mmoja na kizibao chake chenye namba mgongoni, na namba ya baba ilikuwa saba. Lisikupite hilo kama jambo dogo. Askari wa lango waliwaruhusu wenye namba peke yao kuingia ndani kuchukua wageni na wafanyakazi, na nyumba yetu yote, tangu unga hadi sare yangu ya shule, ilisimama juu ya ile namba saba. Sheria ya steji haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua. Hoteli ikifungwa wakati wa masika, kila mtu aende zake. Siku inapofunguliwa tena, mwezi wa saba, kabla ya saa mbili asubuhi kila namba iwe imesimama langoni pamoja na pikipiki inayonguruma. Namba ambayo pikipiki yake haipo hupewa mtu mwingine siku iyo hiyo, na waliokuwa wakingoja walikuwa wengi. Mwenyewe aliruhusiwa kuwa mgonjwa na kumtuma ndugu yake. Pikipiki ndiyo haikuruhusiwa kuugua.

Kwa hiyo baba hakuwa na mchezo na miezi ile ya kufungwa. Wenzake walikwenda kuhangaika Ukunda kwenye matope, wakarudi mwezi wa saba na pikipiki zinazokohoa. Yeye aliilaza yake ndani ya nyumba, akachukua jembe akaenda kulima mihogo. Kuilaza kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyethubutu kuuvunja. Maji ya kisima chetu yana chumvi, basi alingoja mvua ya kwanza ijaze pipa, akaiosha kwa maji ya mvua. Akaitoa petroli yote iliyobaki ndani ya kabureta, akaimwaga. Akafungua betri, akaifunga kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati kama chombo cha harusi. Akaipandisha juu ya matofali ukumbini ili magurudumu yasiguse sakafu, na kila Ijumaa baada ya swala aliyazungusha kwa mkono, akapaka oili chafu kwenye mnyororo na kila skrubu iliyoonekana, kisha akaifunika kwa shuka kuukuu. Nyaya alizipangusa kwa kitambaa kikavu tu. Mama alimtania kwamba pikipiki imeingia eda, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kupakwapakwa namna ile tangu aolewe. Baba alicheka, akaendelea kunieleza mambo ambayo sikuwa nimemwuliza. "Chumvi inaila pikipiki iliyolala kuliko inayokimbia, mwanangu," aliniambia. "Ukiilaza, lazima uiamkie."

Mwaka ule mvua ya kwanza ilinyesha mapema. Baba aliosha pikipiki, akamwaga petroli, akafungua betri, akaipandisha juu ya matofali. Asubuhi ya pili alikwenda kuchota maji kwenye pipa, tukasikia ndoo ikianguka. Tulidhani ameteleza. Mama alipomfikia, upande wake wa kulia ulikuwa hauna habari naye tena, na mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alilazwa Msambweni wiki mbili. Walipomrudisha nyumbani alikuwa ameweza kukaa akiegemezwa kwa mito, macho yake yalikuwa yale yale, na akili yake, tuliambiwa, ilikuwa nzima. Maneno ndiyo hayakuwepo. Nilimwamkia siku ile kama nilivyozoea, "Shikamoo baba," nikangoja marahaba. Akafungua mdomo, ikatoka sauti tu. Kisha akainua mkono wa kushoto kidogo na kuurudisha chini. Nilitoka nje nikajifanya ninafukuza kuku.

Chumba cha kulala kilikuwa chembamba, hakikumtosha mgonjwa na watu wa kumgeuza, basi kitanda chake kiliwekwa ukumbini, ukuta wa pili, akitazamana na pikipiki. Mama aliamka alfajiri kwenda kulima mihogo badala ya baba, kisha akakaanga viazi vya karai vya kuuza jioni. Shangazi Mwanasiti, dada mkubwa wa baba, alihamia kwetu kuja kumkanda. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na dawa yake kwa kila jambo chini ya jua ilikuwa mafuta ya nazi. Kikohozi, mafuta ya nazi. Mlango unaolia, mafuta ya nazi. Alipika sufuria nzima kila wiki na kumkanda ndugu yake mkono na mguu asubuhi na jioni, huku akisoma dua na kumgombeza kwa kuwa mzito. Ndugu mdogo wa baba, baba mdogo Salimu, alikuwa Taru akinunua mbuzi na kuwapakia kwenye malori. Alituma salamu kwamba atashuka siku moja kabla ya hoteli kufunguliwa, avae kizibao cha namba saba na kuishikilia hadi kaka yake atakaposimama. Tulichotakiwa sisi ni kuhakikisha pikipiki inawaka.

Kazi hiyo niliipata mimi, kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa nimekaa na baba akifanya. Sitasema uongo, nilivimba kichwa. Nilikuwa msichana wa darasa la tano mwenye majukumu ya mtu mzima, na Ijumaa ya kwanza nilivua viatu kabisa kabla ya kuifunua ile shuka. Niliyazungusha magurudumu. Nilipangusa tangi. Nikaenda nyuma ya nyumba kuchukua kopo la oili chafu, nikalikuta tupu. Mama alikuwa ameimwaga kwa sababu ilinuka, na nyumba yenye mgonjwa haifai kunuka. Nilirudi ndani nikiwa karibu kulia, nikamwambia shangazi kwamba chuma kitaliwa na chumvi.

"Kwa hiyo kitu cha kukulizisha ni hicho?" alisema shangazi bila hata kuinua macho kwenye mguu wa baba. "Mafuta ya nazi yamekosa nini? Panga la marehemu babu yako nalipaka mafuta haya tangu sijaolewa, mpaka leo ukiliangalia unajiona uso. Chukua kikombe, mwanangu, chukua."

Nikachukua. Nilipaka mnyororo, nikapaka skrubu, nikapaka vipini vya breki, na chuma chote kikang'aa vizuri kuliko kilivyowahi kung'aa kwa oili chafu. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo sikufundishwa na mtu. Nilikumbuka kwamba mwaka uliotangulia baba alilalamika kuwa chumvi imeanza kuingia kwenye nyaya. Nikafungua kiti, nikazikuta nyaya zote zimelala pale chini yake, nyekundu na nyeusi na kijani, zimefungwa fungu moja. Nikazipaka moja moja, taratibu, kama mtu anayemsuka mtoto mdogo nywele. Nilipokuwa katikati ya kazi, nyuma yangu baba akaanza kupiga godoro kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya jambo kwa nguvu zake mwenyewe tangu atoke hospitali. Alipiga mara tatu, mara nne, sauti ikimtoka kooni, macho yamenikazia. Kisha akainua kidole cha shahada akakielekeza juu, kwenye paa la makuti. Shangazi aliacha mguu ukaanguka. "Alhamdulillahi!" alipiga kelele. "Njoo uone! Anamshukuru Mola wake! Anamwona mwanawe anashika kazi yake, anashukuru!" Mama alikuja mbio na mikono ya unga, akamtazama, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Anakushangilia, mwanangu," aliniambia. "Endelea, endelea." Nikachovya tena vidole kikombeni, nikaendelea.

Toka siku hiyo Ijumaa ikawa kama sikukuu nyumbani kwetu. Jirani walikuja baada ya swala kuona mgonjwa akipiga godoro. Nilifungua kiti cha pikipiki, nikazipaka nyaya mafuta, na baba akapiga na kuelekeza kidole juu, na watu wakasema mashaallah. Niligundua kwamba kadiri ninavyozidisha mafuta ndivyo anavyozidisha kupiga, nami nikazidisha. Nilimtaka apige. Daktari alikuwa amesema mkono unahitaji mazoezi, na mimi nilijiona ndiye ninayempa hayo mazoezi. Ijumaa moja aliniwahi nilipokuwa nikipita karibu na kitanda, akanishika mkono wa gauni kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo, akanivuta, akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka. Nilifikiri anataka na yeye apakwe. Nikaweka kikombe pale kitandani, nikampaka mafuta kwenye ule mkono uliokuwa umenishika, kidole kwa kidole, mpaka ukaniachia.

Mwezi wa sita mvua zilipungua na upepo wa kusi ukashika kasi. Panya walikuwa wakikimbia juu kwenye makuti kama walivyokuwa wakikimbia maisha yao yote, na mara moja moja tulisikia wakishuka ukutani. Mama alisema nyumba yenye mgonjwa haikosi makombo. Alileta paka kwa jirani, paka akalala siku mbili kisha akarudi kwao. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe Ijumaa mbili za mwisho sikufungua kiti, kwa sababu mtihani wa shule ulikuwa umekaribia, nikaridhika na kuzungusha magurudumu na kuifuta vumbi. Baba hakupiga godoro wiki hizo. Alikuwa akiitazama pikipiki tu, na shangazi akaona amechoka, akaongeza dua.

Baba mdogo Salimu alifika alasiri, siku moja kabla ya hoteli kufunguliwa, ananuka mbuzi na safari. Alimbusu kaka yake paji la uso, akanywa chai moja, akavua shati. Aliirudisha betri iliyokuwa imechajiwa kwa jirani, akatia petroli, tukaisukuma pikipiki hadi uani, na mlango ukaachwa wazi ili baba aone. Ilikuwa inang'aa. Watu walikuwepo. Salimu aliniita nikae juu ya pikipiki kwanza kwa heshima, kwa kuwa mimi ndiye fundi, na watu wakacheka. Kisha nikashuka, akapanda yeye, akazungusha ufunguo. Taa haikuwaka. Akapiga kiki mara moja, mara ya pili, mara ya kumi. Haikutoa hata kikohozi. Akashuka, akafungua kiti.

Nilichungulia chini ya kwapa lake. Palikuwa na kiota cha nyuzi za makuti na vipande vya shuka, na ndani yake vitoto vya panya vyekundu visivyo na manyoya. Nyaya hazikuwepo tena. Palikuwa na vipande vya shaba vilivyobaki uchi, vimetafunwa plastiki yote hadi mwisho. Salimu akapitisha kidole pale, akakinusa.

"Nani amepaka nyaya mafuta ya nazi?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kwa mshangao wa mtu aliyekuta chumvi kwenye chai. "Huku ni kuwaandalia panya karamu. Hata mimi ningekula."

Hakuna aliyenitazama mimi. Wote walikuwa wamegeuka kumtazama baba kupitia mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye mito yake, mkono wa kushoto umelala juu ya paja, umetulia tuli. Wiki kumi alikuwa akitupigia kelele kwa kiungo kimoja alichobakiwa nacho. Alituonyesha kwa kidole mahali panya walipokuwa, na sisi tukaita majirani waje kumpongeza. Alinishika, nami nikampaka mafuta. Sijawahi kuona aibu kama ile, na hata leo sijui pa kuiweka.

Fundi wa Ukunda aliitwa, akasema nyaya za namna hiyo lazima ziagizwe Mombasa na hazitafika chini ya siku tatu. Salimu alijaribu kuazima pikipiki kwa watu wanne, na kila mwenye pikipiki alikuwa na lango lake la kukimbilia asubuhi ile. Alfajiri alivaa kizibao cha namba saba akaenda kwa miguu hadi steji, akisema atawaangukia, wanamjua kaka yake, ni watu wazima. Alirudi kabla ya adhuhuri. Kizibao hakuwa nacho. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha baba, akasema, "Nisamehe, kaka," na baba akamwekea ule mkono wa kushoto begani.

Sikupigwa. Ningependa kupigwa. Mama aliniambia nile, shangazi akasema ni mipango ya Mungu na kwamba hata yeye ana sehemu yake, na mambo yakaishia hapo kwa midomo. Lakini sufuria ya mafuta ilihamia jikoni kwa jirani wiki ile, na mama, ambaye miezi yote alikuwa akiwafasiria wageni kila anachotaka baba, hakumfasiria tena mtu yeyote. Wageni wakiuliza anasemaje, alisema hajui. Pikipiki ilinunuliwa na mtu wa Ukunda kwa ajili ya vipuri. Walipoitoa kwa kuisukuma, baba aliisindikiza kwa macho hadi ikapinda kwenye mchungwa, kisha akayafumba. Mimi niliokota matofali mawili yaliyobaki sakafuni na kuyapeleka nje.

Sasa miaka mingi imepita. Steji ile ipo bado, vijana wake wanaitwa kwa simu, na wawili au watatu wanaendesha pikipiki za umeme ambazo hazina kabureta wala oili chafu. Mahoteli yakifungwa wanazichomoa kwenye umeme, wanazifunika kwa turubai, wanaondoka, na mwezi wa saba wanazikuta zilivyo. Nawaona nikipita kwenda kazini, na nakasirika bila sababu yoyote ya maana. Nyumba yetu tuliiezeka upya. Shangazi Mwanasiti ametangulia mbele ya haki, na masika yanapofika na hoteli ikanirudisha nyumbani na mimi, kazi ya kumkanda baba ni yangu. Mafuta napika mwenyewe. Nimejifunza kuvumilia harufu yake kwa kupumulia mdomoni.

Baba alirudishiwa neno moja. Halikuja marahaba nililolingoja, likaja naam. Ukimwuliza kama ana njaa, naam. Ukimwuliza kama ameshiba, naam. Wanangu humwuliza kama wanaruhusiwa wasiende chuo cha Kurani, na wanapata ruhusa ya babu papo hapo. Tunacheka, na yeye pia hucheka. Lakini anapopiga godoro hatucheki. Naacha ninalofanya, nakaa mbele yake, nauliza kimoja kimoja: maji, mto, mlango, dirisha, mpaka nione mkono umetulia. Wakati mwingine namaliza vitu vyote vilivyomo nyumbani na mkono bado unapiga.

Masika haya, siku nilipokuwa nikimkanda mguu, hatukuwa na mtu mwingine ndani. Nilikuwa nimelibeba swali langu tangu utotoni, nikaona nikilibeba zaidi nitamzika nalo. Nikamwuliza, "Baba, ule mwaka wa pikipiki, ulikuwa unaniambia nisipake, sivyo?"

"Naam," akasema.

Nilishusha pumzi. Nilitakiwa kuishia hapo. Lakini namjua baba na neno lake, nikauliza tena, kinyume chake, "Au ulikuwa unashukuru tu, ulifurahi kuniona?"

"Naam," akasema, kwa sauti ile ile, akinitazama kwa upendo mwingi.

Kisha akapiga godoro mara tatu, akainua kidole juu. Nilitazama juu. Paa letu siku hizi ni la mabati, halina makuti ya panya kukaa. Nikaweka mafuta chini, nikajifuta mikono, nikamwuliza kama ni joto. Naam. Kama ni mvua inayokuja. Naam. Kama ni Mungu. Naam. Nikaanza tena tangu mwanzo, na kidole chake kilikuwa bado kimesimama.